Nusu ya Wimbo

Aibu ni mgeni wa ajabu. Wageni wengine hubisha hodi, wakakaribishwa, wakala, na siku yao ikifika wakaaga. Aibu haibishi hodi, haili, na kuaga haijui. Kwa Sabina Mayala iliingia kupitia simu za watu, na yeye mwenyewe simu ya namna hiyo hakuwa nayo.

Siku hiyo alikuwa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, amekaa nyuma ya meza yake na ungo mapajani, anapepeta dagaa kutoa mchanga na makombe. Akaja mteja, dada wa mjini mwenye kucha ndefu na viatu vyeupe. Viatu vyeupe Mwaloni! Mungu amsaidie. Akachota dagaa, akanusa, akamtazama Sabina. Akatazama dagaa, akamtazama tena.

"Mama, samahani. Si wewe ndiye kamongo?"

Sabina akadhani anaulizwa samaki, yule wa matopeni. "Kamongo mimi siuzi, mwanangu. Nenda kule kwenye samaki wabichi, ukiona kitu kirefu cheusi kinakutazama vibaya, ndiye huyo."

"Hapana, mama. Kamongo wa kwenye simu. Ebu ona."

Akamwekea simu mbele ya uso. Sabina akaona uwanja wa ngoma wa Kayenze, na mwanamke mnene mwenye kilemba cha manyoya ya mbuni, mgongo umegeukia simu. Mwanamke anarusha jembe juu, anaruka kulidaka, mguu unatua kwenye tope, pwaa! Chini kama gunia. Kilemba kinabingirika kama kuku aliyekatwa shingo. Ng'ambo ya uwanja mzee mmoja mrefu anaimba kwa sauti ya kukwaruza:

*Njooni muone kamongo wa Mwaloni,*
*Amenenepa kwa dagaa wa watu,*
*Karuka juu, mbingu zimemtema,*
*Mvuteni mkia arudi matopeni!*

Na watu wote wanacheka. Halafu, bila kuguswa na mtu, picha ikaanza tena. Mwanamke yule akaruka tena. Akaanguka tena.

"Inaishia hapo?" Sabina aliuliza.

"Ee, inaishia hapo. Watu wameicheka, mama! Mpaka Dar."

Lakini haikuishia hapo, na Sabina alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Sabina alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa upande wa Bagika. Yule mzee mrefu alikuwa Nkwabi wa Kamanga, ningi wa Bagalu. Wasukuma tangu zamani wana pande hizo mbili, na kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani hukutana uwanja mmoja, ngoma mbili zikapigwa kwa wakati mmoja, uso kwa uso. Mwamuzi hakuna. Mwamuzi ni miguu ya watu: ngoma ikinoga upande huu, watu hukimbilia huku, ikinoga kule, huku hubaki vumbi. Na maningi hutukanana msimu mzima, kwa sababu tusi la ngoma ni kama chumvi, mboga hailiwi bila hiyo. Sheria ni moja tu. Anayetukanwa hujibu pale pale, na kila mtu hurudi kwake na nusu zote mbili, tusi na jibu lake.

Na Sabina alijibu. Uwanja ulikuwa umenyunyiziwa maji kutuliza vumbi, ndipo alipoteleza. Hakuinuka. Aliketi palepale topeni, akapiga tope kwa viganja kama anapiga ngoma, akaimba:

*Ndiyo, mimi kamongo, mwana wa tope,*
*Kiangazi kikija samaki wengine huoza,*
*Mimi hulala nangoja mvua ya kwanza.*
*Nkwabi, chura wa Kamanga, dimbwi likikauka utakwenda wapi?*

Watu walirudi upande wake wakikimbia, wengine viatu mkononi. Nkwabi mwenyewe alishika tumbo kwa kicheko. Ilikuwa siku tamu kuliko zote za msimu ule. Sasa mtu alikuwa ameikata katikati kama samaki, kichwa akakitupa, mkia akaupeleka duniani.

Kuanzia hapo maisha yakawa mengine. Watoto wa Mabatini, anakoishi, wakimwona wanaanza *njooni muone*. Mtangazaji mmoja wa redio akaicheka asubuhi nzima. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Kayenze waliandika maneno, na majirani wakamsomea kana kwamba wanamletea salamu: bibi mzima haoni haya, akalee wajukuu, hiyo siyo ngoma, hilo ni tetemeko. Sabina akawa anajifunika khanga mpaka machoni akienda sokoni. Zamani alipokuwa akipepeta dagaa aliimba, na wanawake wa meza zote walifuata mwendo wake bila kujijua, ungo zote zikipanda na kushuka pamoja. Sasa alipepeta kimya, na kila mtu akapepeta kivyake.

Waliobaki karibu walimpa pole. Shamsa wa meza ya jirani, mama wa Kiislamu ambaye familia yake imefanya biashara mjini hapo tangu enzi za babu zake, alimletea uji wa pilipili manga kila asubuhi na kumwambia, "Pole, shoga yangu." Pole, pole, pole, kama mtu aliyefiwa. Ila msiba una maiti, watu hulia wakazika. Huu haukuwa na cha kuzika.

Halafu akapiga simu binti yake Gladness, anayefanya kazi ofisini Dodoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, nakuomba kitu. Acha hizi ngoma."

Sabina akahamishia simu sikio jingine.

"Leo wakati wa chai bosi ameicheza ile picha. Ofisi nzima imecheka. Mama, sikusema kuwa ni mama yangu."

"Umefanya vizuri, mwanangu," Sabina alisema, akakata simu, akakaa anautazama ukuta mpaka ugali ukaungua.

Lakini kilichomkata maini hasa ni wenzake wa ngoma. Hakuna aliyekuja. Watu waliocheza naye jua na mvua, hakuna aliyegonga mlango. Hata Chenge, mpigaji wa ngoma kubwa, mtu anayeijua miguu ya Sabina kuliko Sabina mwenyewe. Chenge alikuwa akipita mlangoni kwake kila jioni na kupiga bati kwa vidole, ti-ki-tii, badala ya hodi. Sasa alizungukia njia ya juu, kwenye mawe. Sabina alimwona mgongo tu.

Kitendawili: maelfu wananijua, na chakula nakula peke yangu. Jibu lake Sabina alilipata mwaka huo.

Jumamosi ilikuwa siku ya marudiano, palepale Kayenze. Ningi asipotokea kwenye marudiano, ngoma ya upande wake hulazwa kifudifudi, na kundi huvunjika mpaka apatikane mwingine wa kulisimamisha. Sabina alijua hilo. Alijua pia kwamba akilifikiria tu lile jembe likipanda juu, magoti yanamlegea kama mlenda. Alichukua filimbi yake na usinga wake wa mkia wa nyumbu, akavifunga kwenye khanga moja, akavipeleka sokoni amkabidhi Shamsa ampe Chenge. Alitaka viende asivione.

Khanga ile ilikuwa bado juu ya meza, Shamsa hajaigusa, iliposikika sauti kutoka upande wa mwalo, maboti yanakotia nanga, sauti ya kukwaruza kama mlango wa bati.

"Wenye soko! Matope yako wapi hapa? Nina kamongo wangu amenipotea!"

Ungo zikasimama hewani. Nkwabi alikuwa anakuja katikati ya meza, mrefu, koti la suti juu, kandambili za tairi chini, kofia imekaa upande. Alikuwa ametoka kwenye kivuko.

Shamsa akanyanyua ufagio. "Wewe mzee, haya huna? Hujatosheka?"

"Mama, weka silaha. Natafuta samaki. Ni mnene hivi, ana mdomo mrefu, akiruka anarudishwa."

Sabina alihisi kitu kifuani, moto kidogo, kama jiko linalopulizwa. Tangu balaa lianze watu walikuwa wamemcheka mgongoni na kumhurumia usoni. Hakuna aliyekuwa amemtukana ana kwa ana kama binadamu. Ulimi ukatoka wenyewe kabla hajauruhusu.

"Matope yamejaa kichwani mwako, Nkwabi. Kachimbe humo."

"Haa!" Nkwabi akapiga makofi. "Kumbe yu hai!" Akaketi juu ya gunia la dagaa bila kukaribishwa. "Hujanisalimia. Mimi mkubwa wako."

"Ukubwa wa chura ni kelele. Sikusalimii."

"Basi usinisalimie." Akavua kofia, akaifuta jasho la ndani. Alipoinua uso, mzaha ulikuwa umeisha. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala. "Mayu," akamwita, kama mtu anavyomwita mama yake kwa Kisukuma, "nimekuja kudai jibu langu."

"Nilikujibu."

"Nani kalisikia? Dunia nzima imesikia nusu yangu tu. Unajua wananiitaje huko? Mnyanyasaji. Mtu mmoja ameniandikia kwamba nikifa nisizikwe. Juzi kwenye kivuko mama mmoja kanitemea mate karibu na mguu. Kanisani wananipisha benchi nzima, nakaa peke yangu kama askofu. Halafu mjukuu wangu kaniuliza, babu, kwa nini unamchukia yule mama?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilikosa la kumwambia! Mimi nikuchukie wewe? Mwaka ule ulipougua ukakosa msimu mzima, mimi nilimtungia nani matusi? Nilitukana ng'ombe, Sabina. Nilikaa nyumbani natukana ng'ombe, mke wangu akadhani nimerogwa."

Shamsa alikuwa ameushusha ufagio bila kujua. Sabina aliangalia dagaa zake. Alikuwa amejiona yuko peke yake chini ya shimo, kumbe shimo lina mwenzake upande wa pili, nao wote wawili wamekaa gizani, kila mmoja akidhani mwenzake yuko juu anacheka.

"Lakini ni wewe uliyekata ile picha," alisema, ingawa sauti haikuwa na nguvu tena.

Nkwabi akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kiswaswadu, kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira wa ndala. "Hii? Hii inakata nini? Hata chaji inaomba. Ebu fikiri, mayu. Kwenye picha ile mimi naonekana uso au mgongo?"

"Uso."

"Na wewe?"

Sabina akaikumbuka: mwanamke mnene, mgongo umegeukia simu. "Mgongo."

"Basi simu ilikuwa wapi? Upande wangu au upande wako?"

Ilikuwa upande wake. Nyuma ya ngoma kubwa, juu ya kigingi ambacho mtu fulani hutundika simu yake kila mashindano, apate kuwafundisha wachezaji makosa yao. Sabina akasimama, dagaa wakamwagika kutoka mapajani.

"Shamsa, nitazamie meza."

"Na khanga hii?"

"Nipe."

Walipanda Mabatini pamoja, Sabina mbele na Nkwabi nyuma akihema kwenye ngazi za mawe, na kila mlango waliopita watu walichungulia: kamongo na mtukanaji wake, njia moja! Chenge walimkuta kwenye uchochoro wa nyumba yake anawamba ngoma, ngozi ya ng'ombe imelowa, kamba imemjaa mkononi na nyingine ameing'ata. Alipowaona, kamba ya mdomoni ilidondoka.

"Dada Sabina. Karibuni. Nilikuwa nataka kuja."

"Ulikuwa unataka kuja kwa njia ya mawe?"

Chenge akatazama miguu yake. Ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, ila pale alisimama kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Kisha maneno yakamtoka mbio. "Dada, nilidhani ni kama uwanjani! Uwanjani tusi likisikika watu hukimbia waje wasikie jibu, sivyo? Nikasema, nikiwapa tusi la Nkwabi nikalificha jibu, Kayenze patafurika. Kama kitendawili. Unatega, unanyamaza, watu wanahangaika, wanakufuata. Niliandika na chini yake, jibu lipo Kayenze siku ya marudiano. Mtu wa pili aliyeisambaza akayaondoa yale maandishi. Na watu wa kwenye simu..." Akaufuta mkono uliolowa kwenye suruali. "Dada, watu wa kwenye simu hawaulizi jibu. Wanacheka, wanapita kwa mwingine."

"Na jibu lenyewe unalo?" Nkwabi aliuliza.

"Ninalo. Nimelituma lote, mzee. Mara nyingi. Waliolitazama ni mke wangu na shemeji."

Nkwabi akaguna guno la kucheka, akalizuia alipomwona Sabina. Sabina hakuwa anacheka.

"Chenge. Ulipoona imeharibika, kwa nini hukuja?"

"Niliogopa macho yako."

"Ukaniacha na macho ya watu wote."

Chenge akaokota kamba iliyodondoka. Ngozi ikadondosha maji kwenye udongo. Mwishowe Sabina akauweka mzigo wa khanga juu ya kigoda. Hakuufungua.

"Kaza hiyo ngozi," alisema. "Imelegea upande wa kushoto."

Nje ya uchochoro Nkwabi akamuuliza, "Jumamosi, mayu?"

"Sijui," Sabina alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Hasira ilikuwa imepungua, na mwenye kosa alikuwa amejulikana, ila magoti hayakuwa na habari.

Jumamosi watu walijaa Kayenze kuliko mwaka wowote. Katika hilo Chenge hakukosea. Walikuja na magari kutoka mjini, wakaja na pikipiki, wauza miwa wakaishiwa kabla ngoma haijalia. Lakini wote walisimama upande wa Nkwabi, uso wameuelekeza kwa Sabina, simu juu. Hawakuja kusikia jibu. Walikuja kuona akianguka. Upande wa Bagika alisimama Shamsa na mwavuli wake, na karibu naye mbuzi wa mtu aliyekuwa amefungwa kwenye kisiki. Huyo hakuwa na hiari.

Ndiyo, Sabina alikuja. Hata yeye hakuweza kueleza. Asubuhi alijikuta anakwenda kwa Chenge kuchukua khanga yake, na Chenge alikuwa ameshavaa njuga.

Ngoma zikaanza. Chenge alipiga mapigo ya kumwita, yale yale ya miaka yote, ti-ki-tii, ti-ki-tii. Miguu ya Sabina ikakataa. Njuga zikakaa kimya kama zimejazwa udongo.

"Kamongo, anguka!" mtu akapaza sauti. Wengine wakadakia: "An-gu-ka! An-gu-ka!" Halafu wakaanza ule wimbo, uwanja mzima, *njooni muone kamongo*, watu wasiojua Kayenze iko upande gani wa ziwa, wakiuimba bila kukosea neno.

Na hapo Nkwabi alifanya jambo ambalo wachezaji wake walilishangaa. Alinyoosha mkono, ngoma za Bagalu zikakatika. Angeweza kutukana mpaka jioni, watu wote walikuwa wake. Hakutukana. Alisimama mikono nyuma, kimya, kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu na kusema hodi, sasa anangoja kufunguliwa.

Sabina akazitazama zile simu. Zilikuwa nyingi kama macho ya mamba usiku. Akafikiri, ndani ya hizo zote nimo. Humo ndani nimo sasa hivi naruka, na sasa hivi naanguka. Ndipo kitu kikamjia, kidogo, cha kuchekesha, kama kilivyomjia akiwa ameketi topeni. Filimbi hakuipuliza. Aliinua usinga.

"Kitendawili!"

"Tegaaa!" uwanja ukajibu.

Walijibu wote, hata waliokuwa wanaimba anguka. Kinywa kilicholelewa kwa vitendawili hakiombi ruhusa. Waliangaliana, kana kwamba mtu mwingine amesema kupitia midomo yao.

"Nilianguka mara moja Kayenze," Sabina alisema, "na mpaka leo bado naanguka!"

Mtu mmoja akabahatisha: "Mvua!"

"Mvua hukatika."

"Jani la mgomba!"

"Jani likifika chini limefika."

"Bei ya pamba!" mkulima mmoja akasema, na watu wakaangua kicheko, mara hii kicheko cha watu wanaocheza.

"Bei ya pamba ilianza kuanguka wakati mimi sijazaliwa. Mmeshindwa! Nipeni mji!"

"Chukua Mwanza!"

"Mwanza ninakaa, mtanipaje? Nipeni mwingine!"

"Chukua Dar!"

"Dar wananicheka, sitaki. Mwingine!"

"Chukua Kamanga!"

"Kamanga haiuzwi!" Nkwabi akapayuka kutoka ng'ambo. "Mama yangu amezikwa kule! Mpeni Sengerema yote, Kamanga niachieni!"

"Nimeshapewa. Nimeipokea," Sabina alisema. "Kesho naleta kamongo wangu wote tuhamie." Alingoja kicheko kipungue. "Haya, jibu." Akanyoosha usinga, akaupitisha polepole juu ya zile simu zote. "Jibu mmelishika. Nilianguka mara moja, nikainuka, nikaenda kwangu nikaoga. Ila humo mkononi mwenu sijainuka. Mchana naanguka, mnalala naanguka. Mkono haujachoka kunishika? Niteremsheni basi, wanangu. Nimechoka na mimi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba kupishwa njiani. Na katika msitu ule wa mikono, mmoja ukashuka, wenye kucha ndefu. Alikuwa yule dada wa viatu vyeupe. Akaitia simu kwenye mkoba, akavua viatu, akaukata uwanja peku mpaka upande wa Sabina, akasimama kati ya Shamsa na mbuzi. Wengine waliendelea kupiga picha, ndiyo. Dunia haigeuki kwa siku moja. Lakini mikono mingine ilishuka.

Sabina akaketi chini. Kwa hiari yake, kwenye vumbi kavu, manyoya ya mbuni kichwani. Akapiga ardhi kwa viganja, akaanzia pale simu ilipoishia.

*Ndiyo, mimi kamongo, mwana wa tope...*

Chenge akayapokea mapigo yake kwenye ngoma kubwa. Kwenye ule mstari wa mvua ya kwanza miguu ikakumbuka yenyewe, njuga zikalia, Sabina akainuka anaimba, akachukua jembe, akalirusha. Likapanda likimeta. Magoti yalitetemeka, hilo asiwadanganye mtu, ila yalitetemeka huku yakiruka. Akalidaka. Na upande wa Bagalu vumbi likatimka, watu wanavuka.

Nkwabi hakungoja wamalizike. Alipuliza filimbi na kumwaga matusi mapya, mazito, yaliyokuwa yamemkaa tumboni msimu mzima, na nusu ya watu wakamrudia wakikimbia. Sabina akawavuta tena. Ikawa hivyo mpaka jua likagusa ziwa, watu huku na kule kama mawimbi, na walipoulizwa nani kashinda, kila mtu alisema lake, wengi wakilalamikia miguu.

Ngoma zilipokwisha kulazwa, kila moja ubavuni, si kifudifudi, Sabina alivuka uwanja mpaka alipoketi Nkwabi anakunywa maji.

"Shikamoo, kaka Nkwabi."

Mzee akafuta maji yaliyomchuruzika kidevuni. "Marahaba, kamongo. Mjukuu wangu yuko hapa. Njoo umwambie mwenyewe kama nakuchukia."

"Nitamwambia unanichukia sana."

"Ee, mwambie hivyo. Ataelewa."

Jumatatu Mwaloni palikuwa pale pale. Ile picha ilikuwa bado inazunguka, na msukuma mkokoteni mmoja alipopita karibu na meza ya Sabina alianza, *njooni muone kamongo wa Mwaloni*. Kabla Sabina hajainua kichwa, alijibiwa. Jibu lilitoka meza ya Shamsa, Shamsa aliyekuwa hajui ngoma ya Kisukuma hata ya kuchezea jikoni, akaliimba kwa sauti ya kasida, na wanawake wa meza nyingine wakalipokea. Ungo zikaanza kupanda na kushuka pamoja. Msukuma mkokoteni akacheka, akaendelea na safari, akiwa sasa amebeba wimbo mzima.

Simu ya Sabina ikalia katikati ya kelele hizo.

"Shikamoo, mama," Gladness alisema. Nyuma yake vikombe vilikuwa vinagongana, watu wanaongea. "Mama, nimewaambia."

"Umewaambia nani?"

"Hapa ofisini. Wameicheza tena leo. Nikawaambia ni mama yangu, na kwamba hiyo ni nusu, ina jibu lake, lile la Jumamosi lililonifikia hata huku. Sasa wananing'ang'ania niwaimbie." Akashusha sauti kidogo. "Mama, ule mstari wa mvua unaanzaje?"

Sabina akaweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, akaisogeza simu mdomoni, akaimba.